Je, Wajua? Imani, Matendo na Ndevu za Askofu

Je, wajua kwamba ubishi juu ya imani na matendo uliwahi kumfanya askofu amshike askofu mwenzake ndevu, azivute mpaka nyingine zikabaki mkononi? Ilikuwa Julai 1546, mjini Trento, kaskazini mwa Italia ya leo, kwenye Mtaguso ulioitishwa kuzijibu hoja za Martin Luther. Tommaso Sanfelice, askofu wa La Cava, alisimama akasema mambo kuhusu imani yaliyokaribiana mno na ya Walutheri. Dionisio de Zanettini, Mfransisko aliyekuwa askofu huko Krete na ambaye wenzake walimwita kwa utani Mgiriki Mdogo, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu huyu ama ni mjinga ama ni laghai. Bahati mbaya sauti haikuwa ya chini kiasi hicho, na Sanfelice akamrukia ndevu. Sanfelice alizuiliwa katika nyumba ya watawa na akatengwa na Kanisa kwa kumpiga askofu, kisha haukupita muda mrefu akafunguliwa.

Je, wajua waligombania nini hasa? Swali moja: mwenye dhambi anakuwaje mwenye haki mbele za Mungu? Luther alijibu kwamba ni kwa imani peke yake. Roma ikajibu kwamba ni kwa neema, na mlango wake ni imani, ila imani hiyo sharti iwe hai katika upendo, na mtu mwenyewe anaitikia na kushiriki. Toharani, rehema, misa za marehemu, nadhiri za watawa, yote hayo yakaja kuvutwa na uzi huu mmoja.

Je, wajua kwamba Kiswahili nacho kimeingia katika kesi hii bila kuitwa? Biblia ya Union Version, iliyotoka 1952, husema "kuhesabiwa haki". Hesabu ni neno la dukani. Mangi wa duka ana daftari lake la madeni, jina lako limo, na siku moja anapitisha kalamu juu yake: hujalipa wewe, amelipa mwingine, lakini kwenye daftari unasomeka huru. Waprotestanti wa karne ya 16 walifundisha karibu hivyo hivyo, kwamba haki ya Kristo inaandikwa kwa jina la mtu ambaye bado mfuko wake ni mtupu. Kilatini cha Magharibi kilikuwa na neno jingine, iustificare, ambalo ukilifumua unapata "kumfanya mtu awe na haki". Agustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini ambaye Kigiriki hakikuwa fahari yake, alilisoma hivyo, na Kanisa la Magharibi likamfuata kwa miaka zaidi ya elfu. Kufanywa na kuhesabiwa ni vitu viwili. Anayehesabiwa amesomewa hukumu na hakimu akaachiwa. Anayefanywa amekuwa hospitalini na anaendelea na dawa. Nayo Habari Njema ya 1996 ikapita katikati: mtu "hukubaliwa kuwa mwadilifu". Kama unazo Biblia zote mbili nyumbani, zifungue kwa pamoja kwenye Warumi 3:28 ujionee. Binafsi naona nusu ya ugomvi wote umelala kwenye kitenzi hicho.

Je, wajua kwamba maneno "imani peke yake" yanatokea mara moja tu katika Agano Jipya, na yanapotokea yanakanushwa? Ni Waraka wa Yakobo, 2:24. Wakatoliki wamekuwa wakilitumia andiko hili kama rungu kwa karne tano, na Waprotestanti wamekuwa wakilikwepa kwa ustadi wa miaka hiyo hiyo.

Na je, wajua kwamba Paulo na Yakobo wanamwita shahidi mmoja? Wote wawili wanamleta Abrahamu, na wote wananukuu mstari ule ule, Mwanzo 15:6. Tofauti iko kwenye saa. Paulo anamtazama Abrahamu usiku ule anaoonyeshwa nyota, kabla hajatahiriwa, kabla Isaka hajazaliwa: ameamini, basi. Yakobo anamtazama miaka mingi baadaye, mlimani, kisu mkononi na mwana juu ya kuni. Mmoja anauliza safari ilianzaje, mwingine anauliza kama kweli kuna aliyesafiri. Yakobo anamwongeza na Rahabu, kahaba wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi, ambaye wahubiri wengi humruka wakifika hapo.

Je, wajua kwamba Luther alipanda ngazi 28 kwa magoti ili kumtoa babu yake toharani? Alikuwa mtawa kijana wa shirika la Mtakatifu Agustino, ametumwa Roma kwa shughuli za shirika, miaka michache kabla hajajulikana na mtu. Ngazi zile huitwa Ngazi Takatifu, na mapokeo yanasema ndizo Yesu alizopanda kwa Pilato. Kila ngazi, Baba Yetu moja. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alisikitika wazazi wake walikuwa bado hai, maana angependa kuwatoa na wao kwa siku ile ile, nafasi haitokei mara mbili. Alipofika juu, akawaza: nani ajuaye kama ni kweli?

Je, wajua kwamba alimchosha hata padri wake wa maungamo? Johann von Staupitz, mkuu wake, alikuwa mpole kupita kiasi, lakini kijana huyu aliwahi kuungama kwa muda wa saa sita mfululizo, akitoka mlangoni anakumbuka dhambi nyingine anarudi. Mwishowe Staupitz alimwambia aende, na siku akirudi alete dhambi yenye uzito. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa fundisho. Luther hakuanza kama mtu anayetafuta njia rahisi. Alianza kama mtu aliyefanya matendo mpaka matendo yakamwishia.

Je, wajua kwamba rehema haikuwa, na si, msamaha wa dhambi? Hili Waprotestanti wengi hulikosea, na Wakatoliki wengi nao hushindwa kulieleza. Kwa mafundisho ya Kanisa Katoliki, dhambi inasamehewa kwa toba na kitubio. Inabaki adhabu ya muda, kama kovu linalohitaji kutibiwa hapa duniani au toharani. Rehema hupunguza au kuondoa adhabu hiyo. Tatizo la mwaka 1517 lilikuwa kwamba wahubiri waliofika vijijini na sanduku la fedha hawakuwa na subira ya kufundisha tofauti hiyo, wala wasikilizaji hawakuwa na hamu ya kuijua.

Je, wajua nani alikuwa na deni? Albrecht wa Brandenburg, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikwishakuwa askofu mkuu wa Magdeburg na akautaka pia uaskofu mkuu wa Mainz. Kushika majimbo mawili kulihitaji kibali cha Roma, na kibali kilihitaji fedha, na fedha zilikuwa kwa Jakob Fugger, tajiri wa benki wa Augsburg. Makubaliano yakawa hivi: rehema zitangazwe kwa ajili ya ujenzi wa Basilika la Mtakatifu Petro, nusu ya makusanyo iende Roma, nusu impunguzie Albrecht deni lake. Mtangazaji mkuu akawa Johann Tetzel, Mdominiko mwenye sauti. Wafalme na maaskofu wakuu walipangiwa kutoa gulden 25 za dhahabu, walio chini yao wakashushiwa kwa kadiri ya cheo na kipato, na maskini wasio na kitu waliambiwa wafunge na kusali. Tetzel hakuruhusiwa kuingia Wittenberg, mjini kwa Luther, kwa hiyo watu wa Luther walivuka mpaka wakamfuata Jüterbog, wakarudi na karatasi zao kumwonyesha padri wao.

Hapo mtu mwingine wa Afrika Mashariki atacheka peke yake akikumbuka bahasha za ahadi, zenye namba ya mshirika na kiasi kilichobaki, zinazosomwa kwa sauti mwisho wa ibada katika makanisa yaliyozaliwa kwa kuzipinga karatasi za Tetzel. Mimi sisemi kitu.

Je, wajua kwamba ndani ya hoja 95 za Luther hakuna hata moja inayotaja kuhesabiwa haki kwa imani peke yake? Soma zote. Anazungumzia toba, mipaka ya mamlaka ya Papa juu ya wafu, na sanduku la fedha. Anauliza kwa nini Papa tajiri hajengi basilika kwa fedha zake mwenyewe. Toharani yenyewe haikatai. Ziliandikwa kwa Kilatini, kwa ajili ya mdahalo wa wasomi, na tarehe 31 Oktoba 1517 alimtumia nakala Albrecht, huenda bila kufahamu deni lake. Kama kweli alizipigilia misumari mlangoni ni jambo ambalo wanahistoria bado wanashindana nalo.

Mlango wenyewe, kama ulipigiliwa, ulikuwa wa kanisa la ngome lililokuwa ghala la masalia ya watakatifu. Mtawala wa Luther, Friedrich wa Saksonia, alikuwa mkusanyaji asiyechoka: kufikia 1520 orodha yake ilikuwa na vipande 19,013, na aliyevitembelea vyote kwa ibada na sadaka ipasavyo alihesabiwa rehema ya miaka 1,902,202 na siku 270. Siku 270 ndizo zinazonifurahisha. Sehemu ya sadaka hizo ilikilisha chuo kikuu kilichomlipa Luther.

Je, wajua kwamba Luther alimwandikia Tetzel barua ya kumfariji? Mwaka 1519 Tetzel alikuwa akifa mjini Leipzig, ameaibishwa, ametupwa na wakubwa waliomtuma. Luther akamwambia asijitese, kwa kuwa mtoto huyu ana baba mwingine. Haikuwa tabia yake ya kila siku. Kalamu ya Luther ilikuwa na matusi ya kutosha kwa wote.

Je, wajua kwamba neno dogo kuliko yote katika ugomvi huu halimo kwenye Kigiriki? Septemba 1522 Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani, na kwenye Warumi 3:28 akaongeza neno allein, yaani "tu" au "peke yake". Wapinzani walipiga kelele: umeongeza neno kwenye Maandiko! Mwaka 1530 alijibu kwa waraka mzima kuhusu kazi ya kutafsiri. Alikiri anajua fika kwamba neno halimo, lakini akasema Mjerumani anapokubali kitu kimoja na kukataa kingine, ulimi wake unalidai. Akatoa mfano wa mkulima aliyeleta nafaka tu, hakuleta fedha. Sasa lifikirie kwa Kiswahili. "Ameleta mahindi, hakuleta pesa." "Ameleta mahindi tu, hakuleta pesa." Sentensi ya pili ndiyo inayotoka mdomoni bila kufikiriwa, sivyo? Kwa hiyo kama mtu wa lugha, Luther ana hoja. Lakini watafsiri wetu wa Union na wa Habari Njema hawakuweka "tu", wakaacha msomaji aisikie au asiisikie. Na mtu akikuambia kwamba Luther ndiye wa kwanza kulifikiria neno hilo, mkumbushe kwamba Thomas wa Akwino, nguzo ya elimu ya Kikatoliki, aliwahi kuandika "kwa imani peke yake" katika ufafanuzi wake wa barua kwa Timotheo, na hakuna aliyemwita mzushi.

Je, wajua kwamba Luther aliuita Waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu? Ni katika dibaji yake ya 1522. Hakuuondoa kwenye Biblia, kama inavyosemwa vijiweni. Aliusogeza nyuma pamoja na Waebrania, Yuda na Ufunuo. Maneno ya majani makavu hayakuonekana tena kwenye matoleo ya baadaye ya Biblia yake.

Wajua kwamba mwaka 1520, katikati ya moto wote huo, aliandika kitabu kizima kinachoitwa Kuhusu Matendo Mema? Tendo jema la kwanza katika kitabu hicho ni kuamini.

Wajua kwamba John Wesley, baba wa Umethodisti, aliguswa moyo tarehe 24 Mei 1738 mjini London akisikiliza mtu akisoma dibaji ya Luther kwenye Warumi? Dibaji, hata haikuwa Warumi yenyewe.

Je, wajua kwamba Walutheri walipigana wao kwa wao vikali karibu kama walivyopigana na Roma? Mwaka 1552 Georg Major alisema matendo mema ni ya lazima kwa wokovu. Wenzake wakamrukia: huyu amerudi kwa Papa. Nikolaus von Amsdorf, rafiki wa zamani wa Luther, akaenda mwisho wa upande wa pili, na mwaka 1559 akaandika kwamba matendo mema yana madhara kwa wokovu. Alimaanisha kuyategemea, lakini sentensi ilikwishatoka nje bila viatu. Mwaka 1577 Fomula ya Mapatano ya Walutheri ikawakataa wote wawili. Luther mwenyewe, kabla hajafa, alikwishapambana na mwanafunzi wake Johann Agricola aliyedai kwamba Amri Kumi hazina kazi tena kwa Mkristo. Kila aliyesema "basi tuishi tutakavyo" alikuta Luther amesimama mlangoni.

Je, wajua kwamba walikwishapatana mara moja, na hakuna aliyefurahi? Mwaka 1541, mjini Regensburg, Kaisari Karolo wa Tano aliwakutanisha wasomi watatu wa kila upande. Kardinali Gasparo Contarini alikuwa pale kwa niaba ya Papa; Philipp Melanchthon na Martin Bucer walikuwa upande wa Waprotestanti; Yohana Kalvini, bado kijana, alikuwa pembeni akitazama. Kwenye kifungu cha tano, cha kuhesabiwa haki, walikubaliana. Kisha wakafika kwenye Ekaristi, maungamo na mamlaka ya Kanisa, na meza ikavunjika. Luther alikiita kifungu kile kitu cha viraka. Roma nayo ilikikataa. Contarini alikufa mwaka uliofuata akiwa na jina la mtu mwema aliyekaribia.

Je, wajua kwamba kanuni ya kwanza kabisa ya Trento juu ya suala hili inamlaani mtu anayesema binadamu anaweza kupata haki kwa matendo yake mwenyewe bila neema? Rudia kusoma. Wahubiri wa mikutano ya hadhara wanaposema "Wakatoliki wanafundisha wokovu kwa matendo", wanarusha mshale ambao Trento yenyewe ilikwishaurusha tarehe 13 Januari 1547. Tamko lenye kanuni hiyo lilichukua takriban miezi saba ya mabishano, pamoja na ndevu, na lina sura 16 na kanuni 33. Linasema kuwa mwanzo wa yote ni neema, bila mastahili yoyote yanayotangulia, na kwamba hata mastahili ya mtu mwema ni zawadi za Mungu. Kanuni ya 9 ndiyo inayoikataa "imani peke yake", lakini kwa sharti: kama maana yake ni kwamba hakuna kingine kinachohitajika na utashi wa mtu haushiriki kabisa. Sharti hilo lilikaa kimya ndani ya kanuni miaka 450 likisubiri mtu alisome polepole. Mwaka 2008 Papa Benedikto wa Kumi na Sita alisema hadharani kwamba usemi wa Luther ni wa kweli mradi imani isitenganishwe na upendo.

Na Mtaguso huo huo, kabla haujafungwa mwaka 1563, ulifuta kazi ya wachuuzi wa rehema.

Je, wajua kwa nini Mkatoliki wa Mwanza au Nakuru hubabaika anapoulizwa "umeokoka?" Muulizaji anatoka katika mkondo wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika moto miaka ya 1930 kwa Waanglikana wa Gahini, Rwanda, ukafika Uganda, Kenya na Tanganyika, na jibu analotaka lina tarehe ndani yake. Mkatoliki amelelewa na sura ya 9 ya tamko la Trento, inayosema kwamba hakuna anayeweza kuwa na uhakika usiokosea kuwa yumo katika neema. Kwa hiyo anajibu "natumaini", na mwenzake anasikia "hapana". Wote wawili wamekaa kiti kimoja cha daladala. Mmoja ameuliza swali la leo, mwingine amejibu la 1547.

Msibani ndipo tofauti inapoonekana kwa macho. Kilimanjaro ilipokea Mapadre wa Roho Mtakatifu na Walutheri wa Leipzig mwanzoni mwa miaka ya 1890, karibu kwa mpigo, na leo koo nyingi za Kichaga zina pande zote mbili mgombani. Padri akizika, anamwombea marehemu. Ndugu wanakwenda baadaye parokiani kuandikisha nia ya misa, na Novemba majina yanarudi tena kwenye bahasha. Mchungaji wa Kilutheri akizika, anamshukuru Mungu kwa maisha yaliyokwisha na kuwageukia walio hai. Hamwombei aliyelala apunguziwe kitu, maana kwa imani yake daftari limekwishafungwa. Shangazi Mkatoliki anauona ukimya huo kama ukatili. Mjomba Mlutheri anaiona ile misa ya mwaka kama kumtilia Kristo mashaka. Kisha wote wanakaa kwenye benchi moja wakisubiri sahani.

Je, wajua kwamba Walutheri wenyewe waliwahi kushindwa kueleza fundisho lao? Mwaka 1963, mwaka ule ule ambao makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Fungamano la Kilutheri la Dunia lilikutana Helsinki ili kuliandika fundisho la kuhesabiwa haki kwa lugha ya mtu wa leo. Wakajadili, wakaandika, wakarekebisha, na mkutano ukafungwa bila kulipitisha. Miaka 14 baadaye mkutano wa Fungamano ulifanyika Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho.

Je, wajua kwamba wamekwishatia saini? Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kardinali Edward Cassidy kwa upande wa Roma na Askofu Christian Krause kwa upande wa Fungamano walisaini Tamko la Pamoja juu ya Kuhesabiwa Haki. Lina aya 44. Linasema kwa pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yoyote yake, na kwamba Roho Mtakatifu humfanya upya na kumwezesha kutenda mema. Laana za karne ya 16, linasema, haziyagusi mafundisho kama yalivyoelezwa humo. Hazikufutwa; zimewekwa kando kwa uangalifu.

Haikuwa rahisi. Mwaka 1998 zaidi ya maprofesa 140 wa teolojia wa Ujerumani walisaini waraka wa kulipinga, na Juni mwaka huo Vatikani ikatoa jibu lenye mashaka mengi, hasa juu ya usemi wa Luther kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Mkatoliki anauliza: kama ubatizo umeosha, kimebaki nini? Jambo likaelekea kufa. Kardinali Joseph Ratzinger alikutana na askofu mstaafu wa Kilutheri, Johannes Hanselmann, nyumbani kwa kaka yake Ratzinger, wakatafuta maneno ya nyongeza yaliyoliokoa. Nyumba hiyo iko Regensburg, mji ule ule wa 1541.

Wajua kwamba Wamethodisti walijiunga na tamko hilo mwaka 2006, Waanglikana wakaukubali msingi wake mwaka 2016 katika mkutano wao uliofanyika Lusaka, Zambia, na Ushirika wa Makanisa ya Kireformati ukafuata mwaka 2017, mjini Wittenberg? Kwa hiyo Mpresbiteri wa Nairobi, Mwanglikana wa Dodoma, Mlutheri wa Bukoba na Mkatoliki wa Songea wana karatasi moja inayowahusu, na sidhani kama kuna jambo lililosainiwa kwa niaba ya watu wengi hivi likatangazwa kidogo hivi. Wapo wasiosaini: Walutheri wa Sinodi ya Missouri huko Marekani wamelikataa waziwazi, na Wabaptisti, Wasabato na Wapentekoste hawamo.

Je, wajua kanisa la Augsburg lililotumika kusaini? Ni Mtakatifu Anna. Oktoba 1518, pakiwa bado nyumba ya Wakarmeli, Luther alilala hapo alipoitwa kuhojiwa na Kardinali Cajetan, kabla hajatoroka usiku. Leo ni kanisa la Kilutheri. Na ndani yake, katika kikanisa alichojijengea, amelala Jakob Fugger, yule yule aliyemkopesha Albrecht.

Fugger alijenga pia kijiji cha nyumba za maskini mjini humo, Fuggerei, kwa hati ya mwaka 1521. Bado kinakaliwa. Mpangaji lazima awe mwenyeji wa Augsburg, mhitaji na Mkatoliki. Kodi yake ni senti 88 za euro kwa mwaka, na kila siku Baba Yetu moja, Salamu Maria moja na Kanuni ya Imani moja, kwa ajili ya roho za Wafugger.